Kiti cha Mlangoni

Ilikuwapo nchi, na yumkini bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu wenyewe hawajamaliza kuafikiana juu yake. Ni nchi nzuri. Ina mlima, ina reli inayoishia bondeni, ina Waziri wa Utulivu, na ina Jopo la Wajuzi wa Jamii. Nchi nyingine zina jeshi la kuzilinda na mambo ya nje. Hii ilikuwa na Jopo la kuilinda na mambo ya ndani.

Maana huko, jambo lolote linalohusu watu halikuwa kweli mpaka Jopo liafikiane. Mvua iliruhusiwa kunyesha au kukataa yenyewe, hiyo si kazi ya wajuzi wa jamii. Lakini watu wakifurahi, wakioana, wakihama au wakigombana, ilibidi kwanza wajuzi wakae. Ndio walioafiki kwamba foleni za hospitali ni namna ya wananchi ya kutamani kuonana. Ndio walioafiki kwamba vijana hawana kazi kwa kuwa wamechoka, na wamechoka kwa kuwa hawana kazi, na kwamba duara zuri kama hilo lisivunjwe na mtu.

Namna yao ya kuafikiana ilikuwa ya kupendeza, na wageni walikuwa wakiletwa kuitazama. Katika Ukumbi wa Mwafaka palichorwa mstari wa chokaa sakafuni, kutoka dirishani hadi mlangoni. Dirishani liliandikwa jibu moja, mlangoni jibu la kinyume chake. Kila mjuzi alikuwa na kiti chake cha mbao, anakibeba begani kutoka nyumbani kwake, na barabarani watu walikipisha kiti kabla hawajamwona aliyekibeba. Akifika anakiweka juu ya mstari, pale hukumu yake ilipo. Kisha mwenyekiti anamtafuta aliyekaa mbali na wenzake, anamwambia kwa upole, "Karibia." Wenzake wanaitika, "Karibia!" Naye anaburuta kiti. Basi huendelea hivyo hivyo, viti vikisogeleana kama kuku wakati wa baridi, mpaka vyote viwe mahali pamoja. Hapo karani anapiga kengele, na jambo linakuwa kweli.

Kanuni zilikuwa chache. Kiti huhamishwa na mwenye kiti tu. Anayetaka kwenda popote juu ya mstari aende na kiti chake. Na chai haitembei. Yaani meza ya chai ya maziwa na maandazi ya iliki ilikaa chini ya dirisha, na hakuna sahani iliyoruhusiwa kuvuka ukumbi. Inasemekana meza iliwekwa pale kwa ajili ya upepo.

*

Mwaka ule swali lilikuwa Kirimba.

Kirimba ni lile bonde mwisho wa reli. Mvua ilikuwa imelipita msimu hadi msimu bila kugeuka. Kando ya stesheni palikuwa na ghala la serikali limejaa mahindi mpaka mbao zinalalamika. Jopo likiafiki kwamba Kirimba kuna njaa, ghala lifunguliwe kwa watu wa Kirimba. Likiafiki kwamba hakuna, mahindi yapakiwe kwenye malori yaletwe mji mkuu kwa Tamasha la Neema, ambako Mtukufu alikusudia kulihutubia taifa akiwa amesimama juu ya kilima cha nafaka. Na kabla ya mwafaka ghala lifungwe, kwa kuwa bado haijulikani.

Dirishani wakaandika: WAMESHIBA. Mlangoni: WANAKUFA.

Mdogo kuliko wajuzi wote alikuwa Daktari Siwatu Makwaya, mjuzi wa ndoa na talaka. Huyu alilelewa Kirimba na dada wa baba yake, Shangazi Tunu, mwanamke mmoja mwenye usafi wa kuchosha watu, ambaye hakuwahi kukalia kitu, hata kiwe kigoda chake mwenyewe, kabla hajakipangusa kwa ncha ya kanga. Siwatu aliingia ukumbini, akakipita dirisha, akaipita meza ya maandazi, akaweka kiti chake karibu na mlango.

Hapo mlangoni alimkuta Mzee Hemedi Lukindo, mjuzi mkongwe, aliyekuwa amefanya jambo ambalo katika Jopo lilihesabiwa kuwa ukosefu wa adabu: alipanda treni akaenda Kirimba kuangalia.

"Mzee Hemedi tumuache kwanza," akasema mwenyekiti, Profesa Tungaraza, mjuzi wa furaha za watu. "Mtu akishakwenda kuona, hana tena mtazamo mpana. Tuzungumze na Daktari Siwatu. Wewe mama, nasikia umezaliwa Kirimba?"

"Nimelelewa huko, Profesa. Na shangazi yangu yuko huko mpaka leo."

"Pole sana."

"Hajafa, Profesa."

"Nakupa pole wewe. Umeharibika kitaalamu. Mwenye shangazi mahali hawezi kupaona mahali hapo, anamwona shangazi tu. Mimi sina mtu Kirimba, sijafika Kirimba, na ukiniuliza njia siijui. Ndiyo maana naiona vizuri. Kile mnachokiita njaa, mimi nakiona ni wepesi wa hiari. Karibia."

"Karibia!"

Siwatu akaburuta kiti mpaka katikati. Alijiambia kwamba katikati si uongo, katikati ni nusu. Tena alijiambia kwamba akifukuzwa ndani ya Jopo, nani atabaki wa kuisemea Kirimba? Lakini katikati hapana upepo wala chai, na macho ya watu yanakutoboa mbele na nyuma. Walipoitika tena "Karibia!", akasogea. Walipoitika tena, akajikuta chini ya dirisha, na mtu amemwekea kikombe mkononi.

Mzee Hemedi alimtazama kutoka kule mbali. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomuuma Siwatu. Akamwambia, "Kula, mwanangu. Andazi likipoa halina ladha."

"Sasa wewe, mzee," akasema Profesa Tungaraza. "Karibia."

"Nimefika," akajibu Mzee Hemedi. "Mimi hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Karibieni nyinyi."

Jioni ile mzee alikuwa amechoka sana. Akaomba kiti chake kilale ukumbini, atakifuata asubuhi. Asubuhi hakuja. Jopo liliafiki mara moja, bila hata kuburuta viti, kwamba amekufa kwa uzee.

*

Sasa ikawa kazi. Karani wa Jopo, Mbwana Fereji, alikuwa mtu asiye na mapenzi wala chuki na kitu chochote isipokuwa kanuni, na kanuni alikuwa nazo kichwani kama wengine wanavyokuwa na mvi.

"Kiti huhamishwa na mwenye kiti," alisema.

"Mwenye kiti tumemzika, Fereji!"

"Kanuni haisemi kwamba kufa ni kuhama, Profesa."

"Basi awekwe mjuzi mwingine. Anayekikalia si ndiye mwenye kiti?"

"Hilo linaruhusiwa. Anayekikalia ndiye mwenye kiti."

Waziri wa Utulivu akamleta mpwa wake, kijana mnene mcheshi, mjuzi wa mambo ambayo yangeamuliwa baadaye. Kijana akakaa kwenye kiti cha mlangoni huku akitabasamu. Tabasamu likamtoka. Akainuka kama aliyeunguzwa, akakimbilia dirishani bila kiti, akala maandazi yote, akalamba sukari ya bakuli, kisha akaketi sakafuni akilia kwa sauti ya mtoto, "Hakuna kingine? Jamani, hakuna kingine?" Huko kwao inasemekana alikula mpaka mama yake akaficha masufuria. Akaletwa wa pili, mtu mzima mwenye heshima zake, mambo yakawa yale yale. Wa tatu alifika hadi ngazi ya ukumbi, akakumbuka kwamba ana msiba.

Hapo Jopo likaamua kukibembeleza kiti chenyewe. Kila kikao Profesa Tungaraza alisimama, akakunja mikono mbele ya kiti kitupu, akakipa hoja. Alikieleza maana ya wastani. Alikikumbusha kwamba wajuzi wote wa nchi wako upande mmoja, na kwamba si vizuri kiti kimoja kujiona kina akili kuliko viti vyote. Mwisho anasema, "Karibia, mzee," na wenzake wanaitika, "Karibia!"

Na kiti kilikuwa kikilia. Kelele ndogo tu, ya mbao, kama mtu aliyekaa anavyogeuka kutazama nani amemwita. Jopo liliafiki kwamba ni joto, mbao hulia wakati wa joto, ingawa ulikuwa msimu wa kipupwe na wajuzi wote walikuwa wamevaa makoti.

Siwatu aliacha kutia sukari kwenye chai, halafu akaacha chai. Kutoka upande wa mlango kulikuwa kukimjia harufu ya chungu kikavu kilichosahauliwa motoni, harufu ambayo mtu wa Kirimba anaijua, kwa sababu kuna siku mama anabandika chungu kitupu ili watoto wasikie mlio wa kuni wapate usingizi. Aliwauliza wenzake kama wanaisikia. Wakamwambia apumzike.

Na kule bondeni ghala lilikuwa limefungwa, kwa kuwa haijulikani.

*

Hivyo ndivyo walivyokuwa siku ile, Profesa Tungaraza yuko katikati ya hoja, mkono hewani, mlango ukafunguka.

Akaingia mtu mwembamba mpaka mwanga ulionekana kumpita. Miguu imevaa vumbi kama soksi. Hakusalimu, hakutazama mtu. Aliona kiti cha kwanza kilichokuwa karibu, akainama, akachukua ncha ya kanga yake, akakipangusa. Kisha akakaa.

Siwatu akageuka kumtazama. Uso ule asingeutambua. Ule mkono na ncha ya kanga aliutambua.

"Mama, hapo usikae!" wajuzi wakapiga kelele, wakingoja ainuke mbio kama wale wengine. Hakuinuka. Kiti hakikuwa na njaa ya kumpa ambayo hakuja nayo.

"Nani huyo?" akanong'ona Profesa Tungaraza.

"Mwenye kiti," akasema Mbwana Fereji.

Profesa akaelewa haraka, maana hakuwa mjinga hata kidogo. Akaongeza upole kwenye sauti mpaka ikawa kama samli. "Karibu sana, bibi. Umetoka wapi?"

"Kirimba. Namtafuta mtoto wangu Siwatu. Wameniambia anafanya kazi kwa watu wanaojua." Akavuta hewa kwa pua. "Hicho ni nini kinachonukia iliki?"

"Ni maandazi, bibi. Ni yako. Karibia."

"Karibia!"

Siwatu alikwisha simama, sahani mkononi. "Nampelekea mimi."

"Chai haitembei, Daktari," akasema karani.

"Fereji, huyu ni shangazi yangu!"

"Chai haitembei kwa shangazi wa mtu yeyote."

Siwatu akasita. Kusita kwenyewe kulikuwa kudogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kuvuka barabara. Lakini bibi alikwisha inuka, na karani akamweleza kwa adabu kwamba haendi mtu bila kiti, na bibi, ambaye maisha yake yote alifuata taratibu za ofisi za watu, akageuka akashika mgongo wa kiti, akaanza kukiburuta.

"Shangazi, usije!" Siwatu akapiga ukelele. "Kaa hapo hapo! Wewe kaa tu!"

Shangazi Tunu akasimama katikati ya ukumbi, akamtazama, na kwa mara ya kwanza akatabasamu, meno yakiwa makubwa kuliko uso. "Nimetembea kutoka Kirimba, Siwatu. Leo ndiyo uniambie usije? Ama kweli umesoma." Akainamia kiti tena, akavuta. Wajuzi wakahesabu mbao za sakafu kwa macho. Akafika dirishani. Akakipangusa kiti mara ya pili, akakaa, akanyoosha mkono.

Kengele ikalia. Viti vyote vilikuwa chini ya neno WAMESHIBA.

"Ameburutwa na njaa!" Siwatu alilia. "Hamjaona? Amefuata andazi!"

"Daktari," akasema Profesa Tungaraza, akimkabidhi bibi andazi kwa mkono wake mwenyewe, "kanuni haiulizi kiti kimefikaje. Inauliza kiko wapi."

Bibi alikula. Alikula kama anayekimbizwa, andazi juu ya andazi, na Siwatu akiwa amepiga magoti mbele yake anamwambia, "Taratibu, shangazi, taratibu," kwa sababu tumbo lililokaa tupu siku nyingi halijazwi kwa fujo, na hilo Kirimba analijua kila mtu, hata bibi mwenyewe alikuwa akilijua. Baadaye akashika tumbo. Akaegemeza kichwa ukutani, chini ya dirisha lenye upepo. Andazi la mwisho lilibaki mkononi mwake limeumwa upande mmoja.

Jopo lilikaa dakika ile ile. Likaafiki kwamba marehemu amekufa kwa shibe.

"Na angalieni, waheshimiwa," akasema Profesa Tungaraza, na machozi yalikuwa yakimlengalenga, maana alikuwa mtu wa hisia, "angalieni ametoka wapi. Ni bonde gani duniani linalotoa watu wanaokufa kwa shibe?"

*

Katika nchi ile mwafaka hulazwa, kama unga wa maandazi, ili uumuke. Kwa hiyo Jopo lingekutana tena Jumatatu, kila mjuzi aje na kiti chake, vikae kama vilivyokaa, na hapo ndipo malori yaondoke na mahindi. Kwa kuwa kiti cha Mzee Hemedi hakikuwa tena na mtu wa kukibeba, kilipigiliwa misumari pale dirishani, misumari mirefu ya kuezekea.

Siwatu alimzika shangazi yake. Jumatatu akaamka mapema, akabeba kiti chake begani, na ndani ya mkoba akatia koleo, limeviringishwa kwenye kitambaa. Alikuwa amekusudia kuing'oa ile misumari mmoja mmoja, na liwalo na liwe.

Mbwana Fereji alikuwa ndiyo kwanza anafungua kufuli. Milango ya ukumbi ilifungukia nje. Karani akavuta, kisha akarudi nyuma hatua, funguo zikalia mkononi mwake.

Kiti kilikuwa mlangoni. Si karibu na mlango. Mlangoni penyewe, kwenye kizingiti, kimegeukia nje kama anayetazama njia. Misumari ilikuwa imening'inia miguuni mwake kama mizizi ya mche uliong'olewa. Sakafuni palikuwa na mchirizi mweupe kutoka dirishani, umeupasua mstari wa chokaa.

"Ni wewe, Daktari?" akauliza karani.

Siwatu akafungua mkoba, akamwonyesha koleo kwenye kitambaa chake. "Ni wewe?"

"Mimi hainiruhusu kanuni kugusa kiti."

Siwatu akaweka kiganja juu ya kiti. Kilikuwa na joto, joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Halafu akakishusha kiti chake begani, akakibana kando ya kile kingine, na kwa kuwa mlango haukuwa mpana, kizingiti kikajaa. Akachukua ncha ya kanga, akapangusa. Akakaa.

Wajuzi wakaanza kufika, kila mmoja na kiti begani. Wakapanda ngazi, wakaona, wakasimama.

"Daktari, tupishe," akasema Profesa Tungaraza.

"Nimefika, Profesa."

"Fereji! Ondoa hicho kingine!"

"Kiti huhamishwa na mwenye kiti."

"Basi rukeni!" Profesa akawaambia wenzake. "Nyie vijana, rukeni!" Hakuna aliyeruka. Kuruka kungewapitisha juu ya kiti cha bibi, na kila mmoja alikumbuka yule mpwa wa Waziri. Jua likapanda. Viti vya mbao si vyepesi, na wajuzi wa nchi ile hawakuwa watu wa kazi za mabega. Mjuzi wa foleni ndiye wa kwanza kutua kiti chake pale barazani, akakaa kupumzika. Mwingine akatua chake. Wakasongamana mbele ya mlango, na harufu ya jasho ikajaa barazani. Profesa Tungaraza alishindana na magoti yake muda mrefu kuliko wote. Mwisho naye akatua, akakaa, akashusha pumzi.

Kiti cha kizingitini kikalia, kile kilio chake kidogo.

Mbwana Fereji akavitazama viti, kimoja hadi kingine, midomo ikicheza. Akatoa kengele mfukoni. Akapiga.

"Unafanya nini wewe!"

"Mwafaka, Profesa. Viti vyote viko mlangoni."

"Tumezuiwa! Tumekaa kwa uchovu!"

"Kanuni haiulizi kiti kimefikaje," akasema karani, bila kebehi hata chembe, maana hakuwa nayo. "Inauliza kiko wapi. Na vyenu vimepita hata kizingiti. Hilo sina neno lake. Nitasema ni zaidi ya kufa."

Na kwa kuwa kengele ikishalia jambo ni kweli, simu ikapigwa stesheni, ghala likafunguliwa. Mtukufu alilihutubia Tamasha la Neema akiwa amesimama juu ya kilima cha maranda ya mbao kilichopakwa rangi ya njano, na watu wa mji mkuu wakapiga makofi sana. Kule Kirimba milango ikafunguka, hapa mmoja, kule mmoja. Waliotoka kupokea mahindi walikuwa wachache kuliko magunia.

Wajuzi walikwisha kwenda zao, kila mmoja na kiti chake. Siwatu akaingia ndani peke yake. Akaenda hadi chini ya dirisha, akachukua sahani ya maandazi, akarudi nayo akiufuata ule mchirizi.

"Daktari," akasema Mbwana Fereji. "Chai haitembei."

Siwatu akaendelea kutembea. Karani akamtazama mpaka alipofika katikati ya ukumbi. Kisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akageuza uso ukutani.

Siwatu akaiweka sahani juu ya kile kiti chenye misumari, akachuchumaa mbele yake.

"Taratibu, shangazi," akasema. "Sasa hivi hakuna anayekukimbiza. Kula taratibu."